Masika ya Picha Ndefu

Machi 4

Mvua ya kwanza imeanza leo asubuhi, na mimi nimekabidhiwa funguo za makabati ya picha. Naandika yote mawili kwa pamoja kwa sababu kwangu yana uzito sawa. Aliyenikabidhi ni Mzee Tulia, mpiga picha wa kampuni. Mji mzima unamwita hivyo kwa kuwa neno hilo ndilo pekee watu wanalolisikia kwake. "Tulia! Tulia!" Halafu anaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi.

Kazi yenyewe ni hii. Kiwanda chetu cha saruji kinatimiza miaka ishirini na mitano, ukumbi mpya unajengwa karibu na lango kuu, na kuta zake zote zitapambwa kwa picha za mji huu tangu ulipokuwa pori. Mimi nachambua, nasafisha, nachapa upya. Masika yakiisha ukumbi unafunguliwa. Nimevimba kichwa, sifichi. Baba, ambaye ni mtu wa tanuru, ameniuliza kama kuanzia kesho yeye ndiye atakayeniamkia.

Machi 6

Mvua. Kabati la pili limejaa vumbi. Nimepiga chafya kutwa.

Machi 11

Picha ya kwanza kabisa ya mji huu ni nyasi. Nyasi tupu, mwanamume mmoja mwenye kofia ameshika mti wa kupimia, na nyuma yake kile kilima cha chokaa ambacho siku hizi tumeshakila nusu. Nikaigeuza. Nyuma kumeandikwa kwa penseli neno moja tu: "Hapa." Nimecheka peke yangu. Mtu alisimama kwenye nyasi akasema hapa, na leo pale pana soko, zahanati na foleni ya kunyolewa nywele.

Baada ya nyasi yanakuja mahema. Halafu safu ya kwanza ya nyumba, milango yote sawasawa, isipokuwa mmoja uliotundikwa pazia la maua. Sijui ni nani huyo aliyekuwa na haraka ya kupendeza. Kisha reli, ikiwa bado haijaguswa na kutu. Bwawa likichimbwa, halafu bwawa lilelile limejaa, na vijana wamejipanga ukingoni wameshika viuno kana kwamba maji wameyatoa mifukoni mwao. Shule yenye paa lakini haina madirisha. Mji unakua mikononi mwangu, kabati baada ya kabati, na kila nikigeuza picha nasikia fahari kama mzazi. Nilizaliwa hapa. Sikujua kuwa tunalingana umri kiasi hiki.

Ya mwisho leo ilikuwa dohani, bomba la moshi la kiwanda, ikijengwa. Siku hizi mtu akiwa safarini huiona dohani yetu kabla hajauona mji wenyewe, na moyo wake humwambia amefika. Kwenye picha imefika nusu tu. Imezungukwa na ngazi za mbao, na kwenye ngazi kuna mstari wa wanawake wanapanda, matofali kichwani. Wote wametupa mgongo.

Machi 12

Chapa moja ya picha ya dohani iliungua pembeni, nikaruhusiwa kuja nayo nyumbani. Mama alikuwa anakunja nguo. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amekuja kuazima kitu na kusahau alichokuja kuazima, kama kawaida yake. Wote wawili waliibeba dohani ile. Mpaka leo wanafagia ghala la magunia pamoja.

Mama aliishika picha kwa ncha za vidole akaisogeza dirishani.

"Huyu mimi," akasema.

"Yupi?"

"Huyu wa tatu. Huo ni mgongo wangu."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. "Wifi, tangu lini mgongo ukajulikana?"

"Wangu unajulikana. Ona nilivyombeba mtoto, nimemfunga chini kidogo. Nyie wote mmefunga juu."

Nikatazama upya. Kwenye mgongo wa mama kuna kifundo cha nguo na kiduara cheusi kinachochungulia. Kiduara hicho ni kichwa changu. Kumbe nimeanza kazi kwenye kampuni hii siku nyingi, ila hawajaniandika.

Mama hakucheka nasi. Alikuwa bado ameishika. "Na ile tuliyogeuka iko wapi?"

"Ipi?"

"Yenye uso. Haiwezekani wapige mgongo tu, mwanangu. Mtu ana pande mbili."

Nimemwahidi nitaitafuta.

Machi 17

Hakuna. Nimemaliza makabati yote. Kuna picha ya mbwa wa meneja wa kwanza, kutoka mbele na kutoka ubavuni. Ya mama yenye uso hakuna.

Machi 20

Tangazo limebandikwa langoni. Jumamosi ya kwanza isiyo na mvua katika mwezi wa Aprili itapigwa picha moja ndefu ya wafanyakazi wote, idara kwa idara, na hiyo ndiyo itakayotundikwa ukuta mkuu wa ukumbi, juu ya jukwaa. Tangazo limetiwa sahihi na bwana wa utumishi. Huyu tunamwita Filimbi, maana anatembea nayo shingoni kama refa, ingawa hakuna anayemwita hivyo mbele yake kama bado anautaka mshahara.

Saa za mchana mama akaja ofisini kwake. Sikujua kama anakuja. Mimi na Mzee Tulia tulikuwa pale kupokea maagizo, mama akabisha hodi, miguu imejaa tope, kilemba kimefungwa vizuri.

"Habari za kazi, bwana."

"Njema, mama. Una shida gani?"

"Sina shida. Nimekuja kuulizia nafasi yetu kwenye picha."

"Nyinyi kina nani?"

"Tuliobeba matofali ya dohani."

Filimbi hakumfokea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alimwelewesha taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini mwezi hauwezi kushikwa. "Mama yangu, picha ni ya wafanyakazi wa kampuni. Nyinyi mlikuwa watu wa mkandarasi, na hata sasa ni wa mkandarasi. Nikiwaweka nyinyi, kesho atakuja aliyemletea mpimaji maji ya kunywa."

"Na aje," mama akasema. "Si alileta maji?"

Filimbi akacheka kidogo akafungua jalada lingine. Mama akaaga vizuri tu, akatoka. Mzee Tulia muda wote alikuwa anafuta lenzi. Hakuinua macho. Nilimwona mdogo sana leo. Miaka yote hii amekuwa akipita na kamera yake kana kwamba mji ni wake, kumbe ni mtu wa kuitikia ndiyo bwana.

Mimi nilikuwa natamani sakafu ipasuke. Nilimwonea mama haya, kisha nikachukia kuona haya, kisha nikawachukia wote waliokuwa mle chumbani pamoja na jalada.

Machi 21

Mvua kutwa. Mama anaimba huku akifua. Simwelewi.

Machi 27

Leo tumeitoa kamera ya picha ndefu kwenye sanduku lake na kuipaka mafuta. Nimekuja nyumbani naisimulia na mdomo umejaa chakula. Haitazami mbele tu kama kamera nyingine. Inakaa juu ya miguu mitatu, ukiifungua springi inajizungusha yenyewe pole pole, kutoka kushoto kwenda kulia, na filamu ndefu inajikunjua ndani yake. Ndiyo maana watu hupangwa nusu duara, ili wote wawe mbali nayo sawasawa.

"Kwa hiyo ikiwa inamtazama wa kushoto, wa kulia haimwoni?" mama akauliza.

"Wa kulia bado."

"Hata akijikuna?"

"Hata akicheza ngoma, mama. Ilimradi ikimfikia awe ametulia."

"Na ikishaanza kuzunguka, husimamishwa?"

"Ukiisimamisha filamu imeharibika, na ipo moja tu. Nyingine haipatikani kabla ya sherehe."

Mama akanipakulia chakula kingine, sikuwa nimeomba. Baba akamtazama. "Mama watoto, unataka kununua kamera?"

"Nataka kujua kazi ya mwanangu. Ni kosa?"

Alipokuwa ananisomesha shule hakuwahi kuuliza maswali mengi hivi.

Aprili 3

Jumamosi. Mvua. Picha imeahirishwa.

Aprili 10

Jumamosi. Asubuhi jua, watu wakavaa, wakajipanga, mvua ikawamwagikia kama iliyokuwa imejificha nyuma ya karakana. Filimbi hakukubali siku ipotee hivi hivi. Akawafanyisha mazoezi ndani ya ghala: filimbi ya kwanza, tulia, hakuna kutikisika mpaka filimbi ya pili. Mtu mmoja wa umeme alikohoa, akaambiwa atatoka kwenye picha kama ukungu na wajukuu zake watamcheka. Wakarudia na kurudia. Mama na wenzake walikuwa wanafagia upande wa pili wa ghala hilohilo. Waliegemea mifagio yao wakawa wanatazama.

Mzee Tulia ana wasiwasi na filamu. Unyevu ukiendelea itaota madoa.

Aprili 14

Shangazi amekuja kuazima kitu. Wamejifungia na mama chumbani. Nilipoingia wakaanza kuzungumzia bei ya sabuni.

Aprili 17

Nimechelewa kuandika kwa sababu kicheko kinanirudia kila nikishika kalamu.

Jumamosi imetupa asubuhi kavu. Anga lilikuwa na kiraka cha buluu juu ya kiwanda na mawingu mazito pembeni. Filimbi akaamua sasa au basi. Mabenchi yakapangwa uwanjani nusu duara. Kushoto kabisa watu wa tanuru, na baba yangu miongoni mwao, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Halafu karakana na umeme. Katikati ofisi, Meneja ameketi kwenye kiti chenye mikono, na Filimbi amesimama begani kwake. Kisha maghala, kisha reli, na mwisho kabisa kulia, chini ya dohani yenyewe, waashi. Nyuma ya waashi kuna rundo la matofali mabovu lililo refu kuliko mtu, limekuwepo pale miaka yote na hakuna anayelitazama.

Filimbi akatoa hotuba. "Filimbi ya kwanza, kila mtu atulie. Hakuna kutikisika mpaka filimbi ya pili. Hakuna! Hata nyoka akipita miguuni!"

Mimi nilikuwa pembeni ya kamera, nimeshika mwavuli wa kuikinga. Mzee Tulia akakaza springi, akainua mkono. "Tulia!" Filimbi ikalia. Kamera ikaanza kuzunguka kwa ule mlio wake wa saa kubwa, kiwanda chote kikawa kimya, na lenzi ikaanza kumtazama baba yangu.

Hapo waashi wakafunguka.

Fundi mkuu wao, mzee mwenye mabega kama mlango, alisogea upande mmoja kama mtu anayempisha mgeni, na wengine wakasogea vilevile. Kutoka nyuma ya rundo la matofali wakatokea wanawake. Walikuwa wamevaa nguo zao za kazi. Kila mmoja ana kata kichwani, ile ya kitambaa kilichosokotwa, na juu ya kata tofali moja. Hakuna aliyekimbia na hakuna aliyeshika tofali lake. Wametembea mwendo wao uleule wa kwenye ngazi, na aliyetangulia alikuwa mama.

Nikamtazama Mzee Tulia. Alikuwa ameshawaona. Mkono wake ulikuwa juu ya kamera, kidole kwenye kizuizi cha springi.

"Mzee," nikanong'ona.

"Shika mwavuli," akasema. Akautoa mkono wake kwenye kamera taratibu, akautia mfukoni.

Filimbi naye aliwaona. Kwenye nusu duara wa katikati anawaona wa pembeni wote. Lakini lenzi ilikuwa inamwendea, na amri ya kutotikisika ni yake mwenyewe. Nilimwona shingo inavimba. Karani aliyesimama nyuma yao ameniapia kwamba bwana wa utumishi alianza kuinua mguu, na Meneja, bila kuchezesha midomo, akasema, "Tulia, bwana. Inakuja." Akatulia. Lenzi ikampitia hivyo.

Wanawake wakafika mbele ya waashi, wakageuka, wakatupa nyuso zao upande wetu. Nyuso zote. Nimewahi kuwaona wanawake hao sokoni, kisimani, kwenye misiba, lakini sijawahi kuwaona wamesimama hivyo. Kamera ikapita maghala, ikapita reli. Ilipokuwa inawafikia nikamwona mama anageuka ghafla kando. Shangazi ni mfupi, alikuwa amemezwa na kiwiko cha fundi mkuu, haonekani. Mama akashika tofali lake kwa mkono mmoja na kwa mwingine akamvuta shangazi mbele. Lenzi ikapita. Springi ikaisha. Kamera ikanyamaza.

Tukasubiri filimbi ya pili. Haikulia. Filimbi alikuwa ameing'ata midomoni lakini pumzi haikutoka, sijui ni hasira au ni mshangao. Basi hakuna aliyetikisika. Mvua ikaanza, matone makubwa, na kiwanda kizima kimesimama wima kinaloa kwa utiifu, mpaka Meneja mwenyewe akainuka, akatikisa kofia yake na kusema, "Jamani, si imekwisha?"

Filimbi alivuka uwanja kwa hatua ndefu. "Nani amewaruhusu? Nani?"

Mama alikuwa bado na tofali kichwani, mvua inamtiririka usoni. "Bwana, ulisema hakuna kutikisika mpaka filimbi. Mimi na wenzangu bado tunasubiri."

Waashi walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nalia chini ya mwavuli wa kamera, na nilikuwa na fahari ambayo sikujua pa kuiweka.

Baba, ambaye upande wa pili kabisa alikazia kamera macho na hakuona kitu, amesimuliwa njia nzima. Amefika nyumbani, amemtazama mama, amesema, "Mama watoto, utaniponza." Kisha akaenda kumchemshia maji ya kuoga. Hilo sijawahi kuliona.

Aprili 18

Tumeisafisha filamu leo. Chumba cha giza, taa nyekundu, mimi upande mmoja na Mzee upande mwingine, tunaipitisha kwenye dawa, juu chini, juu chini, filamu ndefu kama mkanda wa suruali ya jitu. Watu wakaanza kujitokeza. Wa tanuru wamo. Wawili wamefumba macho, mmoja ana vichwa viwili. Yule wa umeme ni ukungu kweli, sijui alikohoa tena. Meneja ametoka vizuri. Filimbi ametoka mwili wote wima kama nguzo, lakini macho yote mawili yamekwenda pembeni, kama mtu anayeibiwa kuku wake mbele ya wageni.

Halafu dohani, yote, mpaka kileleni. Na chini yake wanawake.

Mzee Tulia aliinama mpaka pua ikakaribia dawa. Kope zao zinahesabika. Mstari wa matofali vichwani mwao umekaa sawa kama umepigwa pima maji.

"Miaka ishirini na mitano nawaambia watu watulie," akasema. "Wanaojua kutulia nilikuwa nawapiga mgongo."

Nikamuuliza kwa nini. Nilimuuliza kwa ukali kidogo, gizani heshima hupungua.

"Niliambiwa nionyeshe urefu wa dohani," akasema. "Mtu akisimama pembeni ya kitu, urefu unajulikana. Wao walikuwa kipimo. Wala sikufikiri zaidi ya hapo, binti yangu." Akaendelea kuinua na kushusha filamu. "Mama yako yuko wapi hapa?"

Nilikuwa nimeshamwona. Nilikuwa naomba niwe nimekosea. Kwenye mstari, pembeni ya shangazi aliyetoka mzima mzima, macho makavu, kidevu juu, kuna mwanamke ambaye mkono wake umeshika tofali. Mkono umetoka. Tofali limetoka. Chini ya tofali, mahali pa uso, pana kitu cheupe kilichopanguswa. Ni pale alipogeuka kumvuta shangazi.

Nilimwonyesha kwa kidole. Kipande kile Mzee alikiosha kwa maji muda mrefu kuliko vingine, ingawa anajua kuliko mimi kwamba maji hayaleti uso.

Aprili 19

"Nimetokaje?" mama ameniuliza.

"Bado haijakauka."

Aprili 20

Filimbi amekuja chumba cha picha na mkasi wake mwenyewe. Nasema kweli, mkasi wake mwenyewe, kauweka juu ya meza.

"Huu upande wa kulia ukatwe."

Mzee Tulia akaitandaza chapa ya kwanza, ndefu kutoka ukuta hadi ukuta. Akampa mkasi kwa heshima zote. "Karibu, bwana. Nionyeshe pa kukata."

Filimbi akaweka ncha ya mkasi. Ukikata kabla ya wanawake, umekata waashi. Waashi wangeweza kusamehewa. Lakini juu ya waashi kuna dohani, na wanawake wamesimama chini yake barabara, kuanzia ukingo mpaka ukingo. Mkasi ukasogea kushoto, ukasogea kulia, ukarudi. Picha ya kiwanda kisicho na dohani ni picha ya bohari.

"Basi wafute kwa wino."

"Wakifutwa, waashi hawana miguu," Mzee akasema. "Wataelea."

"Wewe uliwaona. Ungeweza kusimamisha."

"Niliwaona, bwana. Na filamu ilikuwa moja." Kisha akasema jambo ambalo sikutegemea kutoka kwake. "Hata zingekuwa kumi nisingesimamisha. Kama ni barua ya onyo, niandikie mimi, jina langu unalijua."

Nilimwona mkubwa sana leo. Filimbi ameikunja chapa akaondoka nayo kwa Meneja.

Aprili 22

Mvua. Tunasubiri. Mama: "Hata nguo hukauka masika, mwanangu."

Aprili 24

Jibu la Meneja limeletwa na karani, mdomoni tu. "Dohani ibaki." Hakuna zaidi ya hapo. Kuhusu wanawake hakusema ndiyo wala hapana. Shangazi alipopata habari alipiga vigelegele mpaka majirani wakauliza ni nani anaolewa.

Barua ya onyo ya Mzee Tulia haijafika.

Mei 2

Mama ameacha kuuliza. Nadhani amehisi. Nilitaka kumwambia leo, akaanza kunieleza atakavyomwonyesha baba pale alipo, na kwamba safari hii hata mtu asiyemjua atajua ni yeye. Nikaenda kuteka maji wakati ndoo zimejaa.

Mei 9

Nimeandika maelezo ya chini ya picha zote. Chini ya nyasi nimeacha lilelile neno la penseli, "Hapa". Kwenye picha ndefu nimeandika idara moja moja, tanuru, karakana, umeme, ofisi, maghala, reli, waashi, na mwisho nikaandika: "Waliobeba matofali ya dohani." Ni lazima bwana wa utumishi apitie kabla ya kutundikwa.

Ameyapitia nikiwa nimesimama mbele yake. Kwenye mstari wa mwisho alikaa sana. Akaichukua chapa ndogo, akajitazama mwenyewe, yale macho yake ya pembeni. Akacheka kwa pua, mara moja.

"Hivi nimekaa kijinga hivi?"

Sikujibu. Nina akili zangu.

"Mama yako," akasema, "angekuwa afisa, mimi ningekuwa nafagia ghala." Akatia sahihi. Hakubadilisha neno. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaandika humu jambo jema juu ya Filimbi, lakini ndilo hilo.

Mei 22

Ukumbi umefunguliwa. Wageni, hotuba, mvua kidogo ya kuaga. Wafanyakazi wa mkandarasi hawakualikwa. Watu wa mji wataingia Jumapili.

Mei 23

Jumapili. Jua kali, barabara imeanza kutoa vumbi.

Wanawake wa matofali walikuja wote pamoja, wamevaa nguo nzuri walizonazo, wakavua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyewaambia. Nilitangulia nao, nikawapitisha kwenye nyasi, mahema, reli, bwawa. Hawakuwa na haja navyo. Wakaenda moja kwa moja kwenye ukuta mkuu.

Ikawa kelele. "Mimi huyu!" "Jamani, mimi nilikuwa mnene hivi?" "Tazama tofali langu lilivyokaa!" Shangazi alijiona akanyamaza, na kwa kuwa hajawahi kunyamaza, wote wakamgeukia. Alikuwa analia bila sauti. Baba alisimama nyuma, kofia mkononi.

Mama alikuwa anatafuta. Kidole chake kilienda na mstari, kikarudi, kikaenda tena. Kilikuwa kinampita mwenyewe kila mara. Nikasogea. Nilikuwa nimejiandalia maneno wiki nzima na yote yakanikimbia.

"Mama, ni huyu."

"Huyu? Huyu hana uso."

"Ni wewe. Uligeuka."

Alitazama. Wenzake mmoja mmoja wakaelewa. Niliona midomo yake inabana, na kwa muda nilimwona kama alivyokuwa ofisini kwa Filimbi, mtu aliyeomba akakosa. Nilimshika mkono.

"Nilikuwa namvuta wifi," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Alikuwa haonekani."

"Nimeonekana, wifi," shangazi akasema. "Nimeonekana sana."

Mama akamtazama shangazi kwenye picha, muda mrefu. Halafu aliyefuata, halafu wa mwisho. Alikuwa anawakagua kama alivyokuwa akiwakagua zamani kabla ya kupanda ngazi, kata ya nani imekaa vibaya. Hakuna iliyokaa vibaya. Kisha akarudi kwake, akaweka kiganja chake hewani mbele ya ule mkono ulioshika tofali, vidole kwa vidole.

"Mkono umetoka vizuri," akasema. Akavuta pumzi. "Na huo ndio uliofanya kazi."

Baba akapiga makofi, peke yake, kama mwendawazimu, halafu wote wakapiga. Watu waliokuwa kwenye picha za bwawa wakageuka kuuliza kuna nini. Nikawaambia, kwa sauti ambayo ilifika mpaka mlangoni, kwamba huyu hapa ndiye yule mwenye mkono, na kwamba ni mama yangu, na dohani mnayoiona nje wameibeba hawa kwa vichwa vyao. Wakasogea. Mtu mmoja akamwomba mama amwonyeshe, naye akaonyesha. Mwingine akaomba, akaonyesha tena. Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda.

Jioni ikaingia, mlinzi akaja na funguo. "Mama zangu, muda umekwisha, nafunga."

Mama hakugeuka. "Ngoja kidogo, baba," akamwambia. "Bado tunajitazama."

Mlinzi akavuta kiti, akaketi, akangoja.